Kupiga rangi Massey 135 iliyochoka (na rangi yenyewe iwe ya mwisho)

Kama unayo trekta ya Massey Ferguson 135 ya Uingereza, zile za kiwanda cha Coventry zilizotoka 1964 mpaka 1975, ujue hata kitinda mimba wao ameshagonga hamsini na bado analima. Sa watu wakiona imepauka wanakimbilia duka la rangi. Mi nilianza huko nikajuta, nilipaka yangu ikang'aa kama gari ya harusi, sili (ule mpira wa kuzuia oili) ya gurudumu la nyuma ilikuwa inavuja kidogo tu nikasema ntaiona baadae, mwezi haukuisha rangi ikaanza kubanduka vipande vipande kama ganda la muhogo. Rangi haishiki juu ya oili, hata uinunue bei gani.

Kwahiyo anza na uvujaji. Yale matope yaliyoganda na grisi yalowanishe na dizeli, kwangua na bisibisi bapa, alafu brashi, maji na sabuni ya unga, na hapa usione uvivu maana ndo kazi kubwa kuliko zote, mi ilinila siku mbili na kucha zikabaki nyeusi wiki nzima. Ikikauka washa injini nusu saa uangalie wapi panalowa. Chomoa na dipstiki ya haidroliki: kwenye 135 gia na haidroliki zinatumia oili moja, ukiikuta imekuwa kama chai ya maziwa basi maji yameingia, na mara nyingi yanapitia kwenye ule mpira wa gia liva uliopasuka, trekta ikilala nje kwenye mvua. Mpira wenyewe hela ndogo, oili ya kumwaga ndo inauma.

Ukifungua kifuniko cha valvu kubadili gasketi pima na klirensi kabisa, yaani ule uwazi mdogo kati ya valvu na roka inayoisukuma, hii Perkins ya silinda tatu inataka 0.30 mm injini ikiwa baridi. Ukibadili filta za dizeli haiwaki mpaka utoe hewa: legeza skrubu ya kwenye filta, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, funga, njoo kwenye pampu ya dizeli ufanye hivyohivyo, mwisho nati za paipu kwenye nozeli huku mtu anapiga stata. Ukiruka mpangilio utamaliza betri bure. Breki nazo ukifungua usipulize vumbi na kompresa, brekshuu za zamani zina asbesto, futa na kitambaa kilicholowa.

Haya, rangi sasa. Boneti na madigadi vua, usipige vikiwa vimefungwa. Kutu toa na brashi ya waya, msasa namba 80, malizia na 240, palipobonyea weka pati kiasi, madigadi iliyooza pigia kiraka cha bati, usidanganye na pati. Futa na thina, piga praima siku hiyohiyo kabla kutu haijarudi.

Nyekundu ni ya boneti na madigadi, injini na gia boksi kijivu. Ukienda kuchanganyiwa usipeleke picha ya simu, peleka kipande ambacho jua halijakifikia, mfano ndani ya boneti. Nipo za grisi (zile chuchu za kuingizia grisi) na kile kibati cha namba vipake grisi kwanza, rangi ikidondokea unafuta tu, tairi paka sabuni. Mwagia maji chini vumbi litulie, piga asubuhi kabla ya upepo, mikono miwili mitatu myembamba, na kama rangi ni ya kuchanganya na hadna (dawa ya kuigandisha) vaa maski ya ukweli yenye filta, leso haikusaidii kitu.

Usifunge bolti kesho yake, subiri siku mbili tatu la sivyo ile washa ya chini ya bolti itazunguka na rangi. Ile inayobaki weka kwenye kichupa ufunge vizuri, maana siku ya kwanza tu ya kufunga jembe boneti itachubuliwa na mtu na spana.