Gego la miaka sita: lilinde kabla halijatoboka

Mimi ni tabibu wa meno, na kitu kinachoniuma kuliko vyote ni hiki: analetwa mtoto wa miaka 8 au 9, shavu limevimba, mama ananiambia "dokta ling'oe tu hilo, si la utoto, litaota lingine", nikimulika nakuta ni gego la ukubwani, likitoka hilo ndo basi tena.

Hatua ya 1: lijue lilipo
Mtoto akigonga miaka 6 hivi magego manne yanaota nyuma kabisa, mawili juu mawili chini, na hakuna jino linalong'oka kuyapisha, ndo mana mzazi hashtuki. Mlaze kichwa mapajani kwako, washa tochi ya simu, hesabu kuanzia jino la mbele katikati kwenda nyuma. La 6 ndo lenyewe.

Hatua ya 2: elewa linavotoboka
Wengi husema jino linaliwa na funza, hakuna funza humo jamani. Ule utando laini unaonatanata kwenye meno, yaani ukoga, umejaa bakteria, wakipata sukari wanatoa asidi, asidi inayeyusha madini ya jino, na inachukua kama nusu saa au zaidi mpaka mate yaipooze na kuanza kurudisha yale madini. Sasa mtoto aliyekunywa chai ya sukari na andazi asubuhi akamaliza, mate yanapata muda wa kufanya kazi, ila huyu anayemung'unya ubuyu na pipi kidogokidogo toka mchana mpaka magharibi jino lake halipumziki kabisa, hata kama sukari yote ukiijumlisha ni ileile. Kwahiyo kama ni pipi mpe baada ya chakula, ale zote, yaishe. Gego hili lina mifereji juu yake na chakula kinanasa humo.

Ukiona doa jeupe kama chaki usilipuuze, hapo madini yameanza kutoka ila bado yanaweza kurudi. Likishakuwa shimo halizibiki lenyewe, njoo.

Hatua ya 3: mswaki upite pembeni
Hapa ndo wengi wanakosea. Gego linaloota liko chini kidogo kuliko wenzake, ukisugua kawaida mswaki unapita juu kwa juu wala haugusi. Vuta shavu kwa kidole, ingiza mswaki mdogo kutokea upande wa shavu, sugua juu ya lile gego peke yake mpaka uone mifereji iko safi. Dawa ya meno iwe na floraidi, yaani madini yanayokinga jino lisitoboke, kwenye boksi tafuta 1000 mpaka 1500 ppm (ndo kipimo cha floraidi), weka kiasi cha punje ya njegere. Akimaliza ateme tu, asisukutue na maji, ile floraidi inayobaki ndo inafanya kazi. Usiku usiruke hata siku moja, mate hupungua akilala, na baada ya hapo ni maji ya kunywa tu. Msugulie wewe mwenyewe mpaka afike miaka 7 hivi, mkono wake bado.

Hatua ya 4: mpeleke kabla halijauma
Mwambie daktari unataka kuzibiwa mifereji ya gego, anapaka kimiminika kinaganda juu ya jino, hakuna sindano wala kuchimba. Kama nusu ya gego bado imefunikwa na fizi mara nyingi mtaambiwa msubiri liote vizuri, basi mkiwa mnasubiri endelea na ule mswaki wa pembeni kila usiku.