Paka mzee mwenye figo mbovu anapohamia kwa daktari mpya: hatua kwa hatua

Juzi aliletwa kwangu paka wa miaka 14, kafunikwa khanga ndani ya kikapu cha sokoni. Mwenye paka, mama mmoja aliyehamia Dar es Salaam kutoka Arusha, aliweka mezani vidonge vyeupe vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti. "Ni vya presha, daktari. Na figo zina shida. Nampa robo kila asubuhi." Nikamuuliza, robo ya kidonge cha ngapi? Akanitazama kama mtoto asiyejua hesabu: "Mwanangu, robo ni robo."

Robo si robo, nitaeleza hapa chini. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu wanaohama mji, au wanaoachana na kliniki kwa sababu zao, karibu wote hunijia na jina la ugonjwa tu. Jina hunisaidia kidogo. Paka wengi wazee wana figo zilizochoka. Ninachohitaji ni kujua mwelekeo: miezi sita iliyopita alikuwa wapi, leo yuko wapi, na anateremka kwa kasi gani. Mwelekeo huo siwezi kuusoma kwa kipimo kimoja cha leo, hata mashine ingekuwa ya bei gani.

Hatua ya 1: Chukua faili kabla hujaaga

Omba majibu yenyewe ya maabara, yote, yenye tarehe. Barua ya mistari mitatu inayosema "paka ana figo, anaendelea vizuri" haitoshi. Omba pia uzito wa kila ziara, vipimo vya presha, majibu ya mkojo, ripoti ya ultrasaundi kama ilifanyika, na kadi ya chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa. Kliniki inayoandika kwenye kadi za karatasi usiisumbue ikutengenezee ripoti. Piga picha kadi kwa simu, mbele na nyuma.

Watu huona haya kuomba, wanadhani daktari atajisikia kusemwa. Hatajisikia. Sisi wenyewe tunaombana faili kila siku. Kama mliachana kwa maneno makali, mtume ndugu au jirani.

Hatua ya 2: Andika dawa kwa miligramu

Hapa ndipo penye hatari, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dawa ya presha ambayo paka wengi hupewa ni amlodipini, ileile ya binadamu. Paka wengi huanza na miligramu 0.625 kwa siku. Kidonge cha 2.5 ukikigawa mara nne unapata 0.625. Robo ya kidonge cha 5 ni 1.25. Robo ya kidonge cha 10 ni 2.5, yaani mara nne ya ile ya kwanza. Ukihamia mji mwingine, duka la dawa likakuuzia cha 10 kwa sababu cha 5 kimeisha, nawe ukaendelea na "robo" yako, paka atalegea, na daktari mpya atahangaika kutafuta ugonjwa ambao haupo.

Kwa hiyo kwa kila dawa andika mambo manne: jina la dawa, nguvu ya kidonge kwa miligramu, unampa kiasi gani, na saa ngapi. Kisha piga picha ya pakiti ambako jina na nguvu vinaonekana. Usitupe pakiti hadi dawa iishe.

Kwa wenye paka wa kisukari hesabu ni kali zaidi. Insulini nyingi zilizotengenezwa kwa wanyama zina uniti 40 katika kila mililita, na zina bomba lake la sindano, lililoandikwa U-40. Insulini za binadamu tulizonazo madukani kwa kawaida zina uniti 100, na bomba lake ni U-100. Ukivuta insulini ya uniti 100 kwa bomba la U-40 hadi alama ya 2, paka amepata uniti 5, si 2. Hilo linaweza kumuua usiku mmoja. Ukihama, beba chupa na mabomba yake pamoja, na mwonyeshe daktari mpya vyote viwili kwa macho.

Kama unampa maji chini ya ngozi nyumbani, andika ni maji gani (Ringer's lactate au mengine), mililita ngapi kila mara, na mara ngapi kwa wiki. Kama kuna daktari aliyewahi kukuambia moyo wa paka una sauti isiyo ya kawaida, liandike hilo juu kabisa kwa kalamu nyekundu, maana maji mengi kwa paka mwenye moyo mbovu huishia kwenye mapafu.

Hatua ya 3: Namba zote kwenye ukurasa mmoja

Chora jedwali kwa mkono: tarehe, uzito, kriatinini (taka ya damu ambayo figo huitoa; figo zikichoka hupanda), presha, potasiamu, fosforasi, na uzito mahususi wa mkojo (yaani mkojo umekolea kiasi gani). Kila ziara mstari mmoja.

Angalia vipimio. Mteja mmoja alinipigia usiku analia: kriatinini ya paka wake imeruka kutoka 2.4 hadi 212. Haikuruka hata kidogo. Maabara ya kwanza iliandika kwa miligramu kwa desilita, ya pili kwa mikromoli kwa lita. Zidisha ile ya kwanza kwa 88.4 utapata 212. Namba ni ileile. Sukari nayo ukitoka miligramu kwenda milimoli gawanya kwa 18.

Herufi "H" (yaani juu ya kawaida) inayochapwa pembeni ya jibu nayo isikutishe peke yake. Kliniki nyingi hapa kwetu hupeleka damu ya wanyama kwenye maabara za watu. Mashine hupima sawasawa, lakini kiwango cha kawaida kilichochapwa ni cha binadamu. Kwa mfumo wa IRIS, wa kimataifa wa kupanga ugonjwa wa figo za wanyama kwa ngazi nne, ambao madaktari wa wanyama wengi hufuata, paka mwenye figo dhaifu anaingia ngazi ya pili kriatinini ikifika 140, ya tatu ikipita 250, na ya nne ikipita 440, zote mikromoli kwa lita. Paka mwenye 130 anaweza kupigwa "H" ya binadamu na figo zake zisiwe na neno. Kwa mkojo, daktari atumie rifraktomita, kifaa kidogo cha kupima ukolezi wake. Ile karatasi ya kuchovya haitegemeki kwa uzito mahususi wa mkojo wa paka.

Uzito wengi huupuuza, nami naupenda kuliko vyote. Paka wa kilo 4 aliyepoteza gramu 200 amepoteza asilimia 5 ya mwili wake, kama mtu wa kilo 70 aliyepungua kilo tatu na nusu. Tena kriatinini hutokana na misuli. Paka akikonda, kriatinini hushuka, mwenye paka anashangilia kwamba figo zimepona. Hazijapona, nyama ndiyo imeisha. Bila safu ya uzito pembeni daktari mpya anaweza kudanganyika vilevile.

Kama paka ana pia tezi ya thairoidi (ya shingoni) inayofanya kazi kupita kiasi na anatumia kabimazoli au methimazoli, weka alama tarehe dawa ilipoanza. Tezi ikitulizwa, damu inayopita kwenye figo hupungua na udhaifu uliokuwa umejificha hujitokeza. Asiyejua tarehe hiyo atadhani figo zimeanguka ghafla.

Hatua ya 4: Dawa za mwezi mmoja mkononi

Kabla ya kuhama, nunua akiba ya wiki nne. Chakula maalumu cha figo vilevile, kwa sababu mikoani hakipatikani kirahisi. Dawa ya presha au ya tezi haikatizwi kwa kusubiri miadi.

Hatua ya 5: Mchague daktari kwa simu

Uliza maswali machache: Mna kipimo cha presha cha paka? Damu mnapima hapo au mnapeleka wapi? Usiku paka akizidiwa nampigia nani? Daktari wa wanyama Tanzania husajiliwa na Baraza la Veterinari, na kuuliza usajili si matusi.

Ukihamia sehemu ambako daktari aliyepo kazi yake ni ng'ombe na kuku, usikate tamaa wala usimdharau. Ana mikono ya kutoa damu na kutundika dripu kukushinda wewe. Mwombe yeye na daktari wako wa zamani wawasiliane: wa hapo apime, wa zamani asome. Nina paka wawili ninaowafuata hivyo kwa WhatsApp, mmoja yuko Tabora, na wanakwenda vizuri.

Hatua ya 6: Siku ya kwenda

Weka kikapu au kreti sebuleni siku tatu kabla, mlango wazi, ndani khanga aliyolalia. Nenda asubuhi, jua la Dar ndani ya bajaji saa saba mchana ni adhabu kwa mnyama aliyeishiwa maji. Mfunike kreti asione mbwa. Maji usimnyime kamwe. Chakula muulize daktari, na kwa paka wa kisukari usibadilishe ratiba bila kuambiwa. Chukua mkojo wa asubuhi kama unaweza: badala ya mchanga weka kokoto safi kwenye sanduku lake la choo, uvute kwa bomba lisilo na sindano.

Hatua ya 7: Ndani ya chumba

Omba presha ipimwe kwanza, kabla ya sindano na kabla ya kipimajoto, baada ya paka kutulia dakika tano hadi kumi. Hofu hupandisha presha, na hupandisha sukari pia. Kipimo cha presha cha 170 kwa paka anayetetemeka kirudiwe siku nyingine kabla ya kumwongezea dawa, isipokuwa kama macho yameanza kuathirika.

Kuhusu chakula sema ukweli. Nikisikia "anakula chakula cha figo tu" halafu nikanusa dagaa kwenye kikapu, nimepoteza nusu saa. Dagaa huliwa na mifupa yake, na mifupa ni fosforasi, ambayo figo zilizochoka hushindwa kuitoa. Waliotiwa chumvi ndio mbaya zaidi. Lakini paka aliyekula dagaa kidogo ni afadhali kuliko paka aliyesusa. Tutapanga: samaki asiye na miiba, supu isiyo na chumvi wala kitunguu, taratibu. Sema pia kama umewahi kumpa paracetamol au kumpaka dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya viroboto. Paracetamol huua paka, na dawa nyingi za kuogeshea zina kemikali za jamii ya permethrin, ambazo nazo zinaweza kumuua. Sikugombezi, nataka kujua tu.

Kisha mwombe daktari mpya asibadilishe vitu vitatu kwa siku moja. Sisi madaktari tuna ugonjwa wetu: kila mgeni tunataka kumpanga upya. Kama paka anakula na ametulia, abadilishe kitu kimoja, kipimwe, ndipo kingine.

Hatua ya 8: Wiki mbili za kwanza

Mpime kila siku ya tatu kwa mizani ya jikoni, au ujipime naye kifuani halafu peke yako. Andika alichokula, mabonge ya mkojo sandukuni, na pumzi zake akiwa usingizini. Zikizidi 30 kwa dakika mara kwa mara, piga simu.

Mpeleke siku hiyohiyo akikataa chakula saa 24, akiingia sandukuni bila kukojoa, akigonga viti huku mboni zimetanuka (presha inaweza kumpofusha ghafla), shingo ikilegea hata kichwa hakiinuki, au akihema mdomo wazi. Mwenye kisukari akipepesuka, mpake asali kwenye ufizi kwanza, safari baadaye.

Katika wiki hizo hizo, kabla hamjafika pabaya, mwambie daktari mpya unataka kwenda naye hadi wapi: kulazwa sawa au hapana, bajeti yako, nani ataamua ukiwa safarini. Akiwa hoi saa nane usiku, mazungumzo hayo hayaendi.

Yule mama wa Arusha alimpigia mpwa wake, na mpwa akaenda hadi duka la dawa la mtaani kwao. Jioni picha ya pakiti ikaingia: kidonge cha 5. Presha ya paka kwangu ilikuwa 150, na haikuzidi hapo tulipoirudia kesho yake. Tukaiacha robo yake ilivyo, ila sasa imeandikwa kwenye kalenda ya jikoni: "amlodipini, robo ya kidonge cha 5, saa moja asubuhi."