Namna ya Kutengeneza Filamu ya Hali Halisi Kuhusu Dereva wa Mbio za Magari na Urithi Wake

Filamu nyingi kuhusu madereva wa mbio za magari huharibika kabla ya kamera kuwashwa, kwa sababu mtayarishaji huanza kwa kuhesabu vikombe. Alizaliwa mwaka fulani, akashinda mbio kadhaa, akapata ajali, akaagwa kwa machozi. Maelezo hayo yapo katika vitabu vya takwimu, na mtazamaji hahitaji saa moja na nusu ili kuyapata. Hatua ya kwanza basi ni kutafuta swali moja litakalobeba filamu nzima, na kwa filamu inayohusu urithi wa mtu swali hilo kwa kawaida huwa hivi: baada yake, ni jambo gani lilianza kufanywa tofauti, na ni kwa kiasi gani tofauti hiyo ilitokana naye?

Mfano mzuri ni Jackie Stewart. Alishinda mbio 27 kati ya 99 alizoshiriki katika Formula 1, akawa bingwa wa dunia mwaka 1969, 1971 na 1973. Hata hivyo, kiini cha habari yake kiko Spa, Ubelgiji, mwaka 1966, alipotoka barabarani kwenye mvua katika mzunguko wa kwanza akanasa ndani ya gari huku petroli ikimvujia mwilini. Waliomtoa ni madereva wenzake, Graham Hill na Bob Bondurant, tena kwa vifaa vya kuazima kwa mtazamaji, kwa sababu uwanjani hapakuwa na mpango wowote wa uokoaji. Stewart akaanza kubeba spana ndani ya gari lake, kisha akatumia miaka iliyofuata kudai vizuizi vya kando ya barabara, mikanda ya usalama na huduma ya matibabu iliyo tayari, ingawa wapo waliomwona mwoga. Mtayarishaji mwenye swali sahihi ataitafuta spana ile kabla ya kulitafuta kombe.

Usifikiri kwamba mhusika lazima awe bingwa. Michèle Mouton, mwanamke wa kwanza kushinda raundi ya ubingwa wa dunia wa mbio za rali, huko Sanremo mwaka 1981, alimaliza msimu wa 1982 akiwa wa pili, na filamu inayomhusu haiwezi kukamilika bila Fabrizia Pons, msoma ramani aliyeketi kando yake. Sid Watkins, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo aliyesimamia tiba katika Formula 1 kuanzia mwaka 1978, hakushinda mbio yoyote, lakini wako madereva wanaoishi kwa sababu ya kazi yake. Kwa maoni yangu watu wa aina hii huzaa filamu bora kuliko mabingwa, kwa kuwa hadithi zao hazijachakaa kwa kurudiwarudiwa.

Mhusika akishapatikana, tengeneza jedwali la matukio ya maisha yake kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, na kila tarehe uithibitishe kwa vyanzo viwili visivyonukuliana. Mchezo huu umejaa takwimu zinazodanganya. Mwaka 1988 Alain Prost alikusanya pointi 105 na Ayrton Senna 94, lakini bingwa alikuwa Senna, kwa sababu kanuni za wakati huo zilihesabu matokeo bora 11 tu ya msimu. Juan Manuel Fangio anatajwa kushinda mbio 24 kati ya 51, na ni kweli, ila katika mbili kati ya hizo alilitumia gari kwa zamu na dereva mwingine, jambo lililoruhusiwa enzi hizo. Lella Lombardi, mwanamke pekee aliyewahi kupata pointi katika Formula 1, alipata nusu pointi, na ile nusu ilitokana na mbio ya Montjuïc ya mwaka 1975 kusimamishwa mapema baada ya ajali iliyoua watu waliokuwa kando ya barabara. Msimulizi anayeisoma nusu hiyo kama kichekesho cha takwimu amepitwa na msiba uliokuwa nyuma yake.

Kazi ngumu kuliko zote ni picha za zamani. Anza kuzitafuta na kuulizia bei zake mwezi wa kwanza wa mradi, wala usingoje filamu iwe imekwisha kuhaririwa, kwa kuwa hakimiliki za picha za mbio kubwa mara nyingi ziko mikononi mwa wenye mashindano, na ada huhesabiwa kwa sekunde au kwa dakika. Leseni unayopewa itaje kwa maandishi nchi ambamo filamu itaonyeshwa, kwa muda gani, na kwa njia zipi, yaani sinema, televisheni au intaneti. Leseni ya tamasha la filamu peke yake ni ya bei nafuu lakini hukufunga mikono pindi mnunuzi anapotokea. Ukiona bajeti haitoshi, punguza picha za mbio zenyewe na uelekee kwenye makasha ya familia, ambako mara nyingi kuna filamu fupi za nyumbani, barua, na picha za gereji ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Omba ruhusa ya maandishi hata kwa hizo, kwa sababu mwenye kuhifadhi picha si lazima awe mwenye haki ya picha.

Kuna filamu iliyotoka mwaka 2010 kuhusu Senna ambayo ilijengwa karibu yote kwa picha za zamani, wahojiwa wakisikika bila kuonekana wakiwa wameketi mbele ya kamera. Wengi wameuiga mtindo huo bila kuzingatia sharti lake: unahitaji mhusika aliyepigwa picha kila mahali, hata ndani ya vikao vya madereva. Mhusika wako akiwa ni wa miaka ya 1950, pengine una dakika chache tu za picha zinazotembea, na mtindo huo utakulazimisha kurudia kipande kimoja mara nne.

Kabla ya kutumia kipande chochote, hakikisha anayeonekana ndiye unayemtaja. Katika magari ya wazi ya zamani, helmeti ni shahidi mzuri kuliko rangi ya gari, kwa kuwa madereva wengi walidumu na rangi zilezile miaka yote: ya Senna ilikuwa ya manjano, ya Stewart ilizungushiwa utepe wa mirabaraba ya Kiskoti, na ya Graham Hill ilikuwa ya buluu iliyoiva yenye alama nyeupe za klabu yake ya kupiga makasia. Mwanawe, Damon, aliyekuwa na umri wa miaka 15 baba yake alipofariki mwaka 1975, alivaa rangi hizohizo hadi akawa bingwa wa dunia mwaka 1996. Ukiweka picha hizo mbili bega kwa bega, msimulizi anaweza kunyamaza.

Sauti nayo ina mitego yake. Vipande vingi vya zamani vilipigwa bila sauti, na ngurumo unayoisikia iliongezwa baadaye na mtu aliyekuwa na haraka. Injini ya silinda kumi iliyotumika katika Formula 1 hadi mwaka 2005 haifanani kabisa kwa mlio na ile ya silinda sita yenye turbo, yaani kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, iliyoanza mwaka 2014, na mpenzi wa mchezo atagundua kosa hilo kwa sekunde mbili, kisha hataamini tena chochote unachomwambia. Tafuta gari la aina ileile linaloendeshwa katika maonyesho ya magari ya zamani, urekodi mlio wake, na usiuweke juu ya kila picha. Gereji kabla ya mapambazuko, panaposikika fundi anayeangusha spana tu, inaweza kutisha kuliko mstari wa kuanzia.

Katika mahojiano, watangulize mafundi, kisha familia, halafu wapinzani, na mabosi wa timu uwaache mwisho. Mabosi wamezoea kuhojiwa na kauli zao zimeng'arishwa mno. Fundi aliyefunga magurudumu yale kwa mikono yake anakumbuka vitu vidogo: dereva alikula nini asubuhi, alinyamaza lini, aligombana na nani juu ya matairi. Usimuulize mtu mzima, “Ulijisikiaje?” Mpe mkononi picha ya siku ile, au karatasi ya muda wa mizunguko, umwache aisome. Mashahidi wawili wakitofautiana, na nyaraka zikashindwa kuwaamua, waweke wote wawili ndani ya filamu. Kuhusu kamera na taa sina mengi ya kusema: kinasa sauti kizuri kina faida kuliko lenzi ya bei kubwa.

Ajali ni sehemu inayohitaji uamuzi wa mapema na wa maandishi kati yako na mhariri. Jiulize kipande cha ajali kinamweleza mtazamaji kitu gani ambacho maneno ya shahidi hayawezi kukieleza. Ikiwa jibu ni mshtuko tu, kiache. Familia iambiwe kabla, wala isikutane nacho ukumbini. Tena kumbuka waliofunikwa na kifo cha aliye mashuhuri: huko Imola, Italia, mwaka 1994, dereva Roland Ratzenberger alifariki tarehe 30 Aprili, siku moja kabla ya Senna, na filamu inayompitia kwa sentensi moja ili imfikie bingwa haraka imeipotosha wikendi yenyewe.

Hapo ndipo penye mtego mkubwa wa filamu za urithi, nao ni kudai kwamba kifo cha mtu kilileta badiliko fulani bila kuonyesha njia iliyopitiwa. Dereva Dale Earnhardt alifariki katika mzunguko wa mwisho wa mbio ya Daytona 500, Marekani, mwaka 2001, na mwezi Oktoba mwaka uleule NASCAR, chama kinachosimamia mbio hizo, ikawalazimisha madereva wake kuvaa kifaa cha kushikilia kichwa na shingo. Ni rahisi kusimulia kana kwamba kifaa hicho kilibuniwa kwa sababu yake. Ukweli ni kwamba Robert Hubbard na Jim Downing walianza kukitengeneza miaka ya 1980, na kwa muda mrefu madereva wengi walikikataa kwa kuona kinawabana. Kilichobadilika mwaka 2001 ni utayari wa watu kukivaa, na hiyo ni hadithi nzito zaidi, kwa sababu inamlazimu mtazamaji kuuliza kwa nini walisubiri. Kila unapoandika “kwa sababu yake”, uwe na barua, kumbukumbu za kikao au shahidi aliyekuwapo.

Vilevile usimtakase mhusika. Senna alimgonga Prost katika kona ya kwanza huko Suzuka mwaka 1990, na mwaka uliofuata mwenyewe akakiri kwamba alikusudia. Niki Lauda, aliyerejea kwenye mbio wiki sita tu baada ya kuungua katika ajali ya Nürburgring, Ujerumani, mwaka 1976, ndiye huyohuyo aliyesimamisha gari lake huko Fuji, Japani, katika mbio ya mwisho ya msimu huo, kwa kukataa kuendesha katika mvua, akaupoteza ubingwa kwa pointi moja. Kipi kati ya vitendo vyake viwili ni cha ujasiri zaidi? Filamu isiyothubutu kukigusa kitendo cha pili haitaweza kukieleza cha kwanza.

Rasimu ya uhariri ikishatulia, waonyeshe fundi mmoja wa zamani na mwanafamilia mmoja, kila mtu kwa wakati wake. Kabla ya kuketi, wote wasaini makubaliano mafupi yanayosema kwamba makosa ya tarehe, majina, magari na maneno waliyonukuliwa yatasahihishwa, lakini uamuzi wa kipi kibaki na kipi kiondolewe ni wako. Fundi atakuonyesha gurudumu lisilo la mwaka ule. Mwanafamilia huenda akaomba uondoe kauli inayomuumiza. Ombi la kwanza litekeleze siku ileile. La pili lipe wiki nzima, ukitazama tena sehemu hiyo ikiwa na kauli ile na ikiwa bila hiyo, kabla ya kumpigia simu kumjibu.