Dirisha la nishati kwenye kamera ya gama

Wenzangu mnaohudumu katika vitengo vya tiba ya nyuklia, naomba mlizingatie dirisha la nishati, yaani mipaka ya chini na ya juu ya nishati ya mionzi ambayo kamera ya gama hukubali kuihesabu, kila asubuhi kabla ya kumpokea mgonjwa wa kwanza. Wengi wetu hupima usawa wa picha kwa bamba la kobalti-57, ambalo mionzi yake kuu ina nishati ya keV 122 (kiloelektronivolti, kipimo cha nishati ya mionzi), ilhali teknishiamu-99m tunayomdunga mgonjwa hutoa keV 140. Dirisha la asilimia 20 lililowekwa kwa ajili ya kobalti huanzia takriban keV 110 na kuishia 134, kwa hiyo likisahaulika hapo, kilele cha teknishiamu, yaani nishati ambayo mionzi yake mingi huwa nayo, hubaki nje, na kamera huhesabu kwa wingi mionzi iliyokwisha kutawanyika mwilini; picha hufifia, na alama za mirija ya kukuza mwanga iliyo ndani ya kamera zinaweza kujitokeza kama madoa ya duara yanayoweza kudhaniwa kuwa ugonjwa. Lirudisheni dirisha kwenye keV 126 hadi 154, kisha mhakikishe kwa macho kwenye grafu ya nishati kwamba kilele kimekaa katikati, kwani jina la kipimo lililoandikwa kwenye skrini halitoshi.

Mgonjwa akishalala, sogezeni kolimeta, yaani bamba lenye matundu lililo mbele ya kamera, karibu na mwili wake kadiri iwezekanavyo bila kumgusa, kwa sababu kila sentimita inayoongezeka hapo hupunguza uwezo wa kutofautisha vidonda vidogo, na hakuna programu itakayourejesha wote baadaye.