Namna ya kumtafuta babu aliyeenda Keya akafia Burma

Kama kwenu kuna babu anayesemwa "alichukuliwa Keya hakurudi", yaani King's African Rifles (KAR), jeshi la mkoloni Mwingereza, hii inakuhusu. Mimi nimemtafuta mdogo wake babu miaka mingi, tulichojua ni Burma (Myanmar ya leo) basi, na siku nilipompata alikuwa kaandikwa jina ambalo hata mama yake mzazi asingelitambua.

Usianze na intaneti, anza na wazee. Na ukienda kwao usiulize "alikuwa anaitwa nani" ukaridhika, uliza jina la utotoni, la dini, la ukoo, la utani, la baba yake, uliza chifu au jumbe wa wakati ule alikuwa nani na wilaya ilikuwa inaitwaje enzi za mkoloni. Karani wa jeshi aliandika alichosikia sikioni mwake, na mara nyingi hakujua lugha ya kwenu. Abdallah anakuwa Abdulla, L inageuka R, na jina la baba linakaa pale ambapo we ulitegemea kuona ukoo. Andika kila namna ya jina uliyosikia, ziwe hata kumi.

Halafu omba kwa adabu wakufungulie sanduku. Tunachotaka ni namba ya jeshi, inaweza kuwa kwenye cheti, barua, karatasi yoyote ya malipo. Kukiwa na nishani iangalie vizuri: nyota ya pembe sita rangi ya shaba, utepe wenye wekundu mpana katikati, bluu nzito huku na huku na vimistari vya rangi ya chungwa, hiyo ni Nyota ya Burma. Zile nyota za Vita ya Pili hazikuchongwa majina kwa hiyo usiumize macho kuzigeuzageuza.

Mtu akikumbuka batalioni umepata dhahabu. KAR ya 3 na 5 zilikuwa za Kenya, 4 Uganda, 6 Tanganyika, 1 na 2 Nyasaland (Malawi ya leo). Vita ilipokolea zikaongezwa nyingine na mara nyingi tarakimu ya mwisho inakwambia ilizaliwa wapi, yaani 26 na 36 ni Tanganyika, 34 na 44 ni Uganda, ila 11 ilikuwa ya Kenya so usiichukue kama msahafu.

Sasa ndo uingie tovuti ya Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi na majina ya askari waliokufa vitani, ni bure. Watu wengi wanakwama hapa kwa sababu wanaandika jina kamili wanaambiwa hakuna, wanafunga. Acha jina! Weka King's African Rifles, weka Vita ya Pili, kwenye kisanduku cha maelezo ya ziada weka wilaya au jina la baba, kisha pitia orodha taratibu mmoja mmoja. Sisi tulimpata kwa jina la baba yake. Kumbuka wapo waliofariki mpaka tarehe 31 Desemba 1947 tu, kama babu alirudi akafia nyumbani miaka ya 60 humo hayumo.

Ukimpata soma alipo. Taukkyan, kama kilomita 35 kaskazini ya Yangon, ndiko walikokusanywa wengi baada ya makaburi ya Akyab, Mandalay, Meiktila na Sahmaw kuhamishwa. Ukiona Rangoon Memorial na neno Face (yaani upande wa nguzo) na namba, basi hana kaburi linalojulikana, jina lake limechongwa kwenye nguzo palepale Taukkyan, pamoja na wenzake karibu 27,000.

Na usimtafute Burma tu. Meli ya Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo ikazamishwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944, ikiwa na askari wetu wa mizinga, watu karibu 1,300 wakafa. Waliozama kutoka huku wanakumbukwa Nairobi, makaburi ya vita ya Ngong Road. Kuna familia inawaza Asia kumbe jina lipo umbali wa nauli ya basi.

Kwa Vita ya Kwanza ni kazi ngumu zaidi, hasa kama babu alikuwa mpagazi wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kwamba Waafrika wengi mno hawakuandikwa majina kabisa, na hilo linauma, mana waliobeba mizigo walikuwa na mama zao pia.

Ukishapata tarehe ya kifo na batalioni, shajara za vita za Burma ziko kwenye nyaraka za taifa Uingereza, pale Kew, London, fungu la WO 172. Askari wa kawaida hatajwi sana kwa jina ila utajua siku ile kikosi kilikuwa wapi. Kwa mfano Novemba 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa inamalizia bonde la Kabaw, matope mpaka magotini, ikielekea Kalewa.

Kosa kwenye rekodi linarekebishwa, waandikie Tume na uwatumie ushahidi. Yetu jina la kwanza limekosewa herufi mbili. Nimechapisha kile cheti cha ukumbusho wanachotoa bure nikampelekea shangazi, akasema kwanza warekebishe jina ndo akitundike ukutani, kwa hiyo nimeshawaandikia, nasubiri jibu.