Kuweka boroni kwenye kaboni ya beta kwa kutumia shaba

Boroni yenye vifungo vitatu ina obiti tupu, kwa hiyo kazi yake ya kawaida ni kupokea elektroni. Ikifungwa kwenye shaba(I), hugeuka mtoaji na kushambulia kaboni yenye upungufu wa elektroni, yaani kaboni ya beta (ya pili kutoka kundi la kabonili). Vipimo hivi ni vya milimoli 1 ya etili sinameti, kwa njia ya kundi la Jaesook Yun (2006), ambalo lilionyesha kwamba metanoli kidogo huharakisha sana mmenyuko huu.

Vipimo: CuCl mg 5, NaOtBu (besi) mg 10, DPEPhos (fosfini inayoshika shaba) mg 27, B2pin2 (chanzo cha boroni) mg 279, etili sinameti mg 176, metanoli µL 81, THF (kiyeyusho) kavu mL 2.

1. Chombo. Kausha, toa hewa kwa ombwe, jaza argoni. Rudia mara tatu.

2. Kichocheo. Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Weka CuCl, NaOtBu na DPEPhos, ongeza THF mL 1.2, koroga dakika 30 kwenye joto la chumba.

Tazama CuCl kabla ya kuipima. Inapaswa kuwa nyeupe. Ikiwa ya kijani, sehemu yake imeshakuwa shaba(II), na mg 5 ulizopima si mg 5 za kichocheo. Iyeyushe katika asidi ya hidrokloriki kali, mimina kwenye maji mengi, chuja unga mweupe, osha kwa ethanoli kisha etha, kausha kwa ombwe. Fanya hayo upesi, maana ikiwa mbichi huharibika haraka zaidi.

NaOtBu iliyofunguliwa mara nyingi hunyonya unyevu na kaboni dioksidi. Ikiganda mabonge, itupe. Usijaribu kufidia kwa kuongeza kipimo: besi ikizidi, metanoli huweza kubadilisha esta ya etili kuwa ya metili. Kilele kikali karibu na 3.7 ppm kwenye NMR ya protoni (kipimo cha sumaku kinachoonyesha atomi za molekuli) kikikushangaza, anzia hapo.

Wengi huhangaika na maji na kusahau oksijeni. Metanoli inaingia baadaye hata hivyo, kwa hiyo unyevu kidogo sana kwenye THF hauui kazi. Oksijeni ndiyo inayokula fosfini na shaba(I), hivyo pitisha argoni ndani ya THF kwa dakika 15. (Kuna njia za shaba(II) ndani ya maji zinazovumilia hewa, lakini hazitumii fosfini.) Argoni ni bora kuliko nitrojeni kwa sababu ni nzito kuliko hewa na hukaa chomboni ukifungua kifuniko.

3. B2pin2. Ongeza pamoja na THF iliyobaki, koroga dakika 10. Mchanganyiko huwa wa kahawia iliyokoza. Usipobadilika rangi, usipoteze sinameti yako. Rudi hatua ya 2.

4. Sinameti, kisha metanoli. Metanoli hutoa protoni kwa enoleti ya shaba (umbo la kati baada ya boroni kushika kaboni) na kuiachia shaba irudi kwa B2pin2 nyingine. Bila hiyo mzunguko husuasua.

5. Ukaguzi. Kwenye NMR ya 11B, zao huonekana karibu na 34 ppm, B2pin2 iliyobaki karibu na 31, na takataka za RO–Bpin (boroni iliyoshika oksijeni) karibu na 22. Kilima kipana karibu na 0 ni glasi ya mrija wenyewe. Kwenye 13C usitafute kaboni iliyoshika boroni. Kilele chake hupanuka hadi kupotea. Kipimo cha uhakika ni dubleti (vilele pacha) za alkeni za 6.4 na 7.7 ppm kwenye NMR ya protoni: zikitoweka, sinameti imekwisha.

6. Kugeuza kuwa alkoholi. Chuja kwenye selaiti (unga wa kuchujia), vukiza, yeyusha katika THF na maji mL 4 kwa 4, ongeza NaBO3·4H2O mg 770, koroga kwa nguvu saa 3. Peroksidi ya hidrojeni na NaOH hufanya kazi pia, lakini NaOH huvunja esta na huweza kung'oa hidroksili ya beta. Perboreti huigeuza fosfini kuwa oksidi, ambayo hubaki nyuma kwenye safu ya silika wakati wa kusafisha. Vuna kwa etili aseteti.