SOMO: Alama za GMAT unazo. Sasa ubishe hodi chuo gani?

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Tangu Ramadhani iishe, watu waliofanya GMAT, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili ya biashara (MBA), wameniuliza swali hili mara kumi na moja, nimehesabu: "Nimepata kadhaa, niombe wapi?" Nimejibu kwa simu, nimejibu harusini Tudor na sahani ya pilau mkononi, juzi nimejibu ndani ya feri ya Likoni huku nimeshikilia baiskeli isiniangukie. Basi naandika hapa mara moja. Ukiniuliza tena nitakurudisha hapa.

Mimi si mwalimu wala siuzi kozi. Ni mtu wa makaratasi ya forodha, kutwa na makontena ya Kilindini. Mtihani nimeufanya mara mbili, na kosa moja tu lilinila mwaka mzima. Kosa lenyewe liko hatua ya 3. Nyinyi mnaosoma kwa kurukaruka, hiyo msiiruke.

Hatua ya 1. Ingia kwenye akaunti yako, pakua ripoti rasmi. Namba uliyoiona kwenye skrini siku ya mtihani bado si rasmi.

Hatua ya 2. Andika kwenye karatasi namba zote nne: jumla (205 hadi 805), kisha hesabu, lugha na ile sehemu ya data, ambazo kila moja ni 60 hadi 90. Kando ya kila namba andika asilimia yake. Asilimia hiyo si maksi. Inakwambia katika kila watu mia waliofanya mtihani, wangapi wako chini yako.

Hatua ya 3. Jua mizani kabla ya kujilinganisha na mtu.

Hapa ndipo nilipopotea. Mtihani ulibadilishwa. Toleo jipya lilianza Novemba 2023, la zamani likafungwa mwisho wa Januari 2024. La zamani lilikuwa 200 hadi 800, jipya ni 205 hadi 805. Kwa macho ni kitu kimoja, na ndio mtego wenyewe. Mimi nilifanya jipya 2024, nikapata 645. Nikafungua kurasa za vyuo nilivyovitaka, kila kimoja wastani wake mia saba na kitu. Nikatoa: nimepungukiwa na sitini hivi. Nikavifuta vyuo vitatu kwa kalamu nyekundu, nikaomba viwili ambavyo hata sikuvitaka. Kimoja kikanikubali bila senti ya ufadhili, na ada yake hata tungeuza nyumba ya nyanya Kibokoni isingetosha.

Mwezi Machi mdogo wangu wa kike, ambaye hata biashara hasomi, akaichungulia karatasi yangu akauliza, "Kaka, mbona zako zinaishia na tano na zao zinaishia na sifuri?"

Basi. Alama za toleo jipya zote huishia na 5. Za zamani zote huishia na 0. Wastani nilioulilia ulikuwa wa wanafunzi waliofanya mtihani wa zamani, na 645 ya mizani mipya inakaribia 700 ya mizani ya zamani. Nilikuwa nimenunua samaki kwa ratili, nikampima kwa kilo, halafu nikalia kwamba nimepunjwa. Na Machi hiyo milango ya maombi ya Januari ilikuwa imefungwa kitambo.

Tahadhari tatu, tafadhali:

Tazama tarakimu ya mwisho ya kila namba unayoiona, iwe ya chuo au ya rafiki yako anayejigamba.

Usibuni njia ya kubadilisha ("ongeza 50 tu"). Pengo halilingani juu na chini. GMAC, wenye mtihani, wana jedwali lao la kulinganisha, lipo wazi na ni bure. Tumia hilo.

Kama chuo kimetoa wastani wa matoleo yote mawili, soma wa toleo lako tu. Huo mwingine jifanye hukuuona.

Hatua ya 4. Acha wastani, tafuta wigo, yaani kuanzia alama ya chini hadi ya juu ya waliokubaliwa. Vyuo vingi hutangaza wigo pia, vingine wigo wote, vingine asilimia 80 ya katikati, yaani wakiondoa kumi wa juu na kumi wa chini katika kila mia. Huu wa pili ndio wenye manufaa. Ukiwa ndani yake, alama hazitakufukuza mlangoni. Ukiwa chini yake, unahitaji kitu kizito upande mwingine. Wigo wote unadanganya: darasa la Harvard la 2025 lilikuwa na namba ya katikati 740, na aliyekuwa chini kabisa ana 500 (mizani ya zamani zote mbili, mmeona sifuri?). Kuna watu wameishika hiyo 500 kama hirizi. Huyo wa 500 hatumjui alikuwa nani wala alikuja na nini.

Hatua ya 5. Gawa vyuo mafungu matatu: ambako uko chini ya katikati, ambako uko katikati, ambako uko juu. Viwili viwili vinatosha. Mtu anayeomba kumi na mbili ataandika insha kumi na mbili mbovu.

Hatua ya 6. Sehemu nazo zinasomwa. Toleo jipya sehemu zote tatu zina uzito sawa katika jumla, kwa hiyo watu wawili wa 645 wanaweza kuwa watu tofauti kabisa. Kama ulisoma sheria au ualimu na hesabu yako iko chini, mtu wa udahili atajiuliza kama utamudu muhula wa kwanza wa fedha na takwimu. Kama wewe ni mhandisi, hesabu ya juu haimshangazi mtu. Lugha ndiyo itakayokutofautisha.

Hatua ya 7. Ripoti rasmi ikitoka una saa 48 za kuchagua vyuo mpaka vitano vitumiwe bure. Baada ya hapo unalipa kwa kila chuo. Chagua kwa karatasi ya hatua ya 5, si kwa jina. Vyuo vingi hukubali ujaze alama mwenyewe kwenye fomu, wakadai rasmi baadaye, basi soma masharti kabla ya kulipia.

Hatua ya 8. Ufadhili uwe kwenye karatasi hiyohiyo. Kwetu sisi kukubaliwa bila fedha ni barua ya kuweka kwenye fremu. Chuo ambacho uko juu ya katikati mara nyingi ndicho chenye sababu ya kukupa punguzo, ndiyo maana fungu la tatu si la aibu. Stanford wana ufadhili wa MBA kwa raia wa nchi za Afrika wasio na uwezo, kwa sharti la kurudi kufanya kazi Afrika. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, wenyewe hawadai GMAT, lakini chuo utakachokichagua kinaweza kudai, na kwa MBA wameweka kikomo cha ada watakayolipa. Piga hesabu ya kilichobaki kabla ya kushangilia.

Nimemaliza. Maswali hapa chini, si kwenye simu yangu.

---

Kijana wa Likoni: Kaka mimi nina 605 naweza pata Harvard?

Mwandishi: Hatua ya 3 na ya 4.

Kijana wa Likoni: Nimesoma lakini we waonaje?

Mwandishi: Naona hujasoma. 605 inaishia na nini? Anza hapo, fungua jedwali, urudi na asilimia yako. Nitakuwepo.

Mpole254: Naomba tu orodha ya vyuo rahisi nitumie faragha.

Mwandishi: Hapana.

Bi Shamsa wa Bamburi: Shukran sana mwanangu, nimeisoma mara mbili. Binti yangu alifanya mtihani Desemba 2022, akapata 680, kisha akajifungua, mambo yakasimama. Sasa anataka kuendelea. Alama zake zimekufa au bado zapumua?

Mwandishi: Marahaba kwa kusoma mara mbili, mamangu, laiti wote wangekuwa wewe. Alama zina uhai wa miaka mitano, kwa hiyo zake ni halali hadi Desemba 2027. Ila atazame tarehe ya mwisho ya kila chuo, maana wengine hutaka ziwe hai siku ya kuomba na wengine siku ya kuanza masomo. 680 yake ni ya mizani ya zamani, basi ajilinganishe na namba zenye sifuri. Na mwambie pengo la uzazi aliandike kwa sentensi moja tu bila kuomba radhi.

Fundi wa Kreni: Mimi ni mhandisi bandarini, miaka sita. Nina 595: hesabu 84, data 79, lugha 76. Vyuo ninavyovitaka katikati yao ni 645 mpya. Nirudie mtihani au nipeleke hivi hivi? Nimejaribu kutafuta ni wapi nilipoteza lakini sioni.

Mwandishi: Haya ndiyo maswali. Rudia, na nitakwambia kwa nini. Hesabu yako haina shida, muda wowote utakaoutia huko utarudi na pointi mbili. Lugha na data zina uzito uleule na ndizo zilizokuangusha, kwa hiyo kila pointi ya huko ni rahisi zaidi kuipata. Mimi mara ya kwanza nilipata 595 kama wewe, na nilichobadilisha ni kimoja: niliacha kufanya maswali mengi, nikaanza kuandika daftari la makosa. Kila swali nililokosa, sababu yake kwa mstari mmoja: sikuelewa, au niliharakisha, au nilidanganywa na jibu la pili. Baada ya wiki tatu nikaona nusu nzima ni "niliharakisha". Kumbuka pia toleo jipya linakuruhusu kurudi na kubadilisha majibu matatu katika kila sehemu, basi weka alama kwenye yale unayoyatilia shaka badala ya kuyagandia. Unaweza kurudia baada ya siku 16, lakini siku 16 hazimbadilishi mtu. Jipe miezi miwili. Na usiogope majaribio mawili, chuo kinaona ile ripoti unayoituma tu.

Fundi wa Kreni: Allah akulipe. Daftari naanza leo usiku.

Mjuaji wa Nyali: Somo limetia chumvi. Vyuo vingi siku hizi havihitaji GMAT kabisa, unawatisha watu bure. Na GRE, ule mtihani mwingine wa kuombea uzamili, je?

Mwandishi: Kichwa cha habari kinasema alama unazo. Asiyekuwa nazo hili si somo lake. GRE inapokelewa karibu kila mahali GMAT inapopokelewa, na hatua ya 4, ya 5 na ya 8 ni zilezile. Na kusamehewa mtihani si bure, mara nyingi ni kwa wenye uzoefu mrefu au digrii yenye hesabu nyingi. Aliyekuwa na alama nzuri akazificha kwa sababu "hazihitajiki" amejinyima mwenyewe.

Mjuaji wa Nyali: Nilikuwa naongezea tu, si ugomvi.

Mwandishi: Haya, yameisha. GRE ungeitaja kwa upole ningekushukuru.

Fatma au Fatuma: Mimi swali la pembeni. Kitambulisho changu Fatuma, pasipoti Fatma, akaunti ya mtihani sikumbuki. Kuna neno?

Mwandishi: Kuna neno kubwa! Jina la akaunti lazima lilingane na la kitambulisho utakachokionyesha, herufi kwa herufi, la sivyo unageuzwa mlangoni na pesa hairudi. Sisi wa pwani ndio tunaoumia, Mohamed wa m moja na Mohammed wa m mbili ni watu wawili kwao. Fungua akaunti leo, uifuatishe pasipoti, na kama kuna tofauti wasiliana nao kabla ya siku ya mtihani.

Msomi wa Mji wa Kale: Yafaa kufanyia nyumbani kwa kompyuta? Nairobi mbali.

Mwandishi: Yafaa kama nyumba yako ina utulivu. Yangu haina. Chumba kiwe kitupu, mtu asiingie, msimamizi anakutazama kwa kamera. Kwetu kuna muuza kahawa anayepita akigonganisha vikombe, wapwa wasiojua mlango, na stima inayoondoka bila kuaga. Mimi nilipanda treni Miritini siku moja kabla nikalala kwa binamu.

Fundi wa Kreni: Ya usiku au ya mchana?

Mwandishi: Mchana. Ya usiku inakufikisha alfajiri mbichi na macho mekundu. Na ubebe sweta. Mara ya kwanza nilikwenda na shati la mikono mifupi, chumba cha mtihani baridi kama ghala la samaki, sehemu yote ya data nilikuwa nimekalia mikono yangu.

Bi Shamsa wa Bamburi: Na mahamri ya njiani usisahau, baba. Ya treni ghali.